Modemu Ikizorota, Anza na Waya

Modemu ya simu inapokwenda polepole, ni rahisi kukimbilia dukani kununua nyingine. Tusiharakie kutoa fedha za watoto: mara nyingi ila haimo katika chombo, imo katika waya.

Modemu iliyoandikwa 56 hupokea, kwa ukomo wake, kilobiti 56 kwa sekunde. Ikifika 45 imefanya kazi njema. Kompyuta ikikuonyesha 115,200 usifurahi, kwani hiyo ni kasi baina ya kompyuta na modemu, si kasi ya laini.

Sasa ipime laini yenyewe. Inua simu ya mezani, bonyeza tarakimu moja ili mlio ukatike, kisha sikiliza. Ukisikia mkwaruzo au mvumo, modemu nayo huusikia, ikapunguza kasi ili isikosee. Chomoa simu nyingine zote pamoja na faksi, uache ule waya mrefu uliopita chini ya zulia, na uichomeke modemu kwa waya mfupi kwenye tundu la kwanza, pale laini inapoingia nyumbani. Piga tena, ulinganishe.

Kasi ikipanda, kosa lilikuwa katika nyaya za ndani, na dawa yake ni ndogo. Mkwaruzo ukibaki, liarifu shirika la simu, kwani modemu mpya haiponyi laini mbovu. Laini ikiwa safi na kasi bado duni, azima modemu ya jirani ujaribu. Hapo ndipo utakapojua kama dukani kuna haja ya kwenda.