Kijana, usinunue madabodi kwa sababu ya taa

Nilidunduliza hela za vibarua kwa miezi mitano ili nijiundie tarakilishi. Siku ilipowadia, niliingia duka moja jijini Nairobi nikatoka na madabodi iliyokuwa ikimetameta taa nyekundu na samawati. Ilimeza zaidi ya nusu ya pesa zangu. Kufika nyumbani, RAM niliyokuwa nayo ilikataa kuingia. Yangu ilikuwa DDR4, ubao ulitaka DDR5. Muuzaji hakuniuliza nina nini nyumbani, nami sikuuliza kitu. Mashine ilikaa mezani wiki tatu kama pambo.

Tangu hapo nina msimamo mmoja: vijana wengi tunapoteza pesa kwa kuanza na sura ya madabodi badala ya kazi inayotungoja.

Madabodi ndiyo ubao mkuu unaounganisha prosesa, RAM, diski na vifaa vingine. Ukiweka prosesa ileile kwenye ubao wa bei ya wastani na ule wa bei ghali, kasi yake katika kazi za kawaida itakaribiana mno. Ziada unayolipia ni nafasi zaidi za vifaa, mfumo imara wa kusambaza umeme, WiFi, na mara nyingine urembo tu.

Kwa hivyo jiulize kwanza: ninafanya kazi gani? Mwanafunzi anayechapa insha na kujifunza kuandika programu anatosheka na ubao mdogo wa micro-ATX wenye nafasi mbili za RAM. Anayehariri video atafute nafasi nne za RAM na angalau mbili za M.2 za kuwekea SSD. Mpenzi wa gemu naye aokoe kwenye ubao, aongeze kwenye kadi ya grafiki.

Pili, chagua prosesa kabla ya ubao, kwani soketi zake lazima zilingane. Bodi za AMD za AM4 hutumia DDR4, nazo AM5, zilizoingia sokoni mwaka 2022, hukubali DDR5 pekee. Za Intel zenye soketi ya LGA1700 zipo za aina zote mbili, kwa hivyo soma boksi vizuri.

Wapo watakaosema heri ununue ya bei ya juu mara moja usije ukajuta. Sikubaliani nao. Pesa zikiishia kwenye ubao, utabaki na prosesa dhaifu na RAM ya kuhesabu. Lakini pia usikimbilie ya bei ya chini kabisa ikiwa prosesa yako ni ya nguvu. Ubao dhaifu hupata joto, na mashine ikapunguza kasi.

Ukinunua mtumba, omba uione ikiwaka kabla ya kulipa. Kagua pini za soketi kama zimepinda, na uulize kama BIOS yake inatambua prosesa yako. Tahadhari na bodi zilizotolewa kwenye mashine za ofisi. Nyingi zina umbo na plagi za umeme zisizoingiana na kasha la kawaida.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Siku hizi nikienda dukani hubeba orodha ya vifaa nilivyo navyo. Taa siulizi tena.