Sayansi ya damu isibaki hadithi ya wageni

Majuzi mwanafunzi wangu wa sekondari hapa Keroka aliniuliza: “Mwalimu, ikiwa chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, mbona hazifunzwi vita?” Darasa liliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani swali hilo limekwisha kujibiwa, ila si kwetu.

Mwaka wa 2017 Marekani iliidhinisha tiba ambayo kwayo chembe nyeupe za mgonjwa wa saratani ya damu hutolewa mwilini, hubadilishwa katika maabara ili zimtambue adui, kisha hurudishwa. Bei yake ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Mwaka wa 2020 wanasayansi wa New York walionyesha kwamba askari hao waweza pia kuelekezwa kwa chembe zilizozeeka, zile ambazo hazigawanyiki tena wala hazifi, bali hukaa zikidhuru jirani zake. Walifaulu kwa panya tu. Hata hivyo, wapo wanaotumaini kwamba siku moja njia hiyo itawafaa wazee ambao uboho wao umeshindwa kutengeneza damu.

Je, haya yanatuhusu? Hapana shaka. Mwaka wa 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Hiyo ni saratani ya chembe nyeupe hizo hizo. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kutoka Uganda, na mwaka wa 1964 vikafichua kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Wagonjwa walikuwa watoto wetu. Maabara ilikuwa ya wenzetu.

Ndiyo maana nasikitika kuona wanafunzi wakikariri majina ya chembe za damu bila kuziona katika hadubini. Katika shule moja niliyofundisha, hadubini ya pekee ilifungiwa kabatini isije ikavunjika! Mji wetu umekatwa na mpaka wa Kisii na Nyamira, na kaunti hizo zimepata kugombania ushuru wa soko letu. Laiti zingegombania pia kutujengea maabara!

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Walimu wenzangu, tufungue makabati hayo. Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza maswali yanayochekwa.