Kuuza programu usiyoweza kuifungua

Jamani, nimekaa kimya karibu mwezi mzima, kazi zilinibana. Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Kuna tangazo linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Nakuru. Mafunzo ya Jumamosi na Jumapili: unaingia hujui kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, unatoka na programu ya simu iliyo tayari kuuzwa, tena ikiwa Play Store. Cheti kipo. Chai na mandazi pia, nadhani.

Hebu tuanze na hiyo Play Store. Akaunti ya kupakia programu huko inalipiwa dola 25 mara moja tu, hapo sina neno. Lakini akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hairuhusiwi kutoa programu kwa umma mpaka watu waijaribu kwanza kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni Google walitaka watu 20, Desemba 2024 wakashusha hadi 12. Wikendi ina siku ngapi? Kwa hiyo mwalimu wa mafunzo haya ama hajapakia kitu siku nyingi, ama anapakia programu za wanafunzi kwa akaunti yake yeye. Hilo la pili ndilo linaloniudhi, kwa sababu matokeo yake nimeyaona kwa macho.

Kuna mama mmoja ana agrovet upande wa Njoro. Anauza dawa za mifugo, chumvi ya ng'ombe, mbegu, chakula cha kuku. Alinunua programu kutoka kwa kijana aliyeitengeneza kwa kuburuta vitufe kwenye kiolezo. Ilipendeza, sikatai. Mteja anachagua bidhaa, anabonyeza lipa, M-Pesa inamwomba namba ya siri, oda inaandikwa IMELIPWA, boda boda anapeleka mzigo. Mwisho wa mwezi pesa hazikulingana na oda. Mama akadhani ni msichana wa dukani. Akamfukuza.

Mwezi wa pili pengo likawa lile lile, na msichana hayupo. Ndipo akaniita. "Mwanangu, niangalizie hiki kitu, hesabu imenishinda." Nikaagiza mfuko mmoja wa chumvi, simu ilipoomba namba ya siri nikakataa. Oda ikaandikwa IMELIPWA.

Kwa wasiojua: ukiomba malipo kupitia Daraja, ule mfumo ambao Safaricom waliwafungulia watengenezaji wa programu, unajibiwa mara mbili. Jibu la kwanza linakuja papo hapo na namba 0, maana yake ombi limepokelewa. Basi. Halisemi mteja amelipa. Jibu la pili linakuja baadaye kwenye seva yako, na hilo ndilo lenye habari: 0 amelipa, 1 hana salio la kutosha, 1032 amekataa mwenyewe. Programu ya mama ilisoma lile la kwanza ikaridhika.

Nilimpigia yule kijana. Hakuwa mkali. Aliniambia kwa upole kwamba ndani hajui kunafanyika nini, kifaa alichotumia hakimwonyeshi, na kwamba akaunti ya Play Store si yake, ni ya mwalimu wake. Mwalimu hapokei simu.

Sasa naomba nieleweke, maana najua wenzangu wenye digrii wameshaanza kushangilia. Kaeni chini. Kosa hilo hilo nimeliona kwenye kazi za watu waliosomea kompyuta miaka minne, na mwaka wangu wa kwanza kazini nililifanya mimi pia, ila bosi alilikamata kabla halijamfikia mteja. Wala sisemi asiyejua msimbo asitengeneze kitu. Su Kahumbu alikuwa mtu wa kilimo hai. iCow yake ilishinda Apps4Africa mwaka 2010, ikaanza kazi 2011, na ilimsaidia mfugaji mwenye mulika mwizi kufuatilia siku za ng'ombe wake kupandwa na kuzaa, kwa ujumbe mfupi tu. Darasani kwetu hakuna aliyewaza ng'ombe. Tulikuwa tunaandika mifumo ya maktaba.

Na hivi vifaa vya kuburuta si vipya. App Inventor ilitoka Google mwaka 2010, baadaye ikahamia MIT, na watoto wa shule wanaiweza. Siku hizi hata kuburuta si lazima, unaieleza akili mnemba unachotaka nayo inakuandikia msimbo. Mimi naitumia. Kwa hiyo tengeneza! Tengenezea shamba lako, kwaya yenu, chama chenu. Ikivunjika mtacheka.

Kuuza ni jambo lingine. Fundi wa pampu asiyejua kuifungua pampu, sisi huku hatumwiti fundi, hata akiipaka rangi vipi. Kila mwaka Google inapandisha kiwango cha Android kinachotakiwa, na programu iliyoachwa nyuma mteja mpya mwenye simu mpya haioni. Nani ataipandisha? Halafu kuna majina na namba za simu za wateja. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 wa kuulizwa kwanza ni mwenye duka, na adhabu inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kutegemea kipi ni kidogo. Nilimuuliza mama data za wateja wake zinakaa wapi. Akanionyesha simu yake. Nikamuuliza kijana. Naye hakujua.

Tumefungua akaunti mpya kwa jina la duka. Google inaruhusu programu kuhamishwa kutoka akaunti moja hadi nyingine, ila mwenye akaunti ya zamani lazima akubali, na huyo bado hapokei simu. Kwa hiyo tunaanza upya na wateja watapakua tena. Ile ya zamani ingali Play Store, na picha ya duka lake juu.

Jumanne mama alimpigia yule msichana kumwomba msamaha. Amepata kazi Molo. Harudi.