Mkeka umebaki mdomoni

Rais akitangaza uteuzi, Watanzania husema mkeka umetoka. Aliyebeti mechi kumi, moja ikimwangusha, mkeka wake umechanika. Timu inayofungwa na kila anayekuja ni jamvi la wageni, na mkutano ukiisha jamvi hukunjwa. Lugha yetu imeng'ang'ania kazi ya msusi, ilhali sebuleni pametandikwa plastiki. Tunajidanganya kwamba utamaduni ukiwa ulimini basi u salama. Ufundi hukaa mikononi, na mikono huacha kazi isiyolipa.

Tuitazame kazi yenyewe. Majani machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa, huchanwa chane nyembamba, na baadhi huchemshwa katika rangi. Kisha husukwa ukili, na kili hizo hushonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka ukamilike. Miyaa, iliyo migumu zaidi, hutoa jamvi. Kila kimoja kina mahali pake: msala wa kuswalia, jamvi la matanga, mkeka mpya wa harusi. Mama wa Pemba au Rufiji asukaye nakshi bila kuikosea amebeba elimu ya mimea, ya rangi na ya hesabu. Ndiyo maana Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, unautaja ufundi wa jadi: kinacholindwa ni ujuzi, si kifaa cha kabatini.

Yupo atakayesema plastiki ni rahisi, huoshwa kwa maji na haioti ukungu. Kweli, na si haki kumtwika mwenye kipato kidogo mzigo wa kuokoa urithi wa taifa. Mwingine ataona kuuza ni kuushusha hadhi utamaduni. Lakini mkeka haukusukwa uabudiwe, ulisukwa ukaliwe, na msusi ameuza tangu zamani. Basi mnunuzi awe mwenye uwezo. Sheria ya ununuzi wa umma ya Tanzania Bara imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake. Wasusi nao waingizwe humo, kumbi na ofisi za umma zitandikwe kazi zao. Watakaotajwa kwenye mkeka ujao na waanzie hapo: wanunue mkeka wa ukindu, kwa bei inayozihesabu siku za aliyeusuka.