Most Wanted haijazeeka, msitudanganye

Jamani, nimechoka na hii hoja. Kila nikisema Need for Speed: Most Wanted ya mwaka 2005 bado inazishinda nyingi zilizoifuata, najibiwa kuwa hizo ni kumbukumbu za utoto tu. Sikubali hata kidogo. Utotoni tulicheza gemu kibao, na nyingi ukiniwekea leo naondoka baada ya dakika tano.

Tuangalie gemu yenyewe. Unaingia mji wa Rockport na BMW M3 GTR. Jamaa mmoja, Razor, anakuhujumu, gari linakufa katikati ya mbio, analichukua. Kisha analitumia gari lako hilo hilo kupanda hadi namba moja kwenye orodha ya madereva 15 wanaosakwa na polisi. Wewe unaanzia mkiani. Hadithi nyepesi, na waigizaji wanachekesha hata pale wasipokusudia, lakini una sababu ya kuendesha!

Na kushinda mbio peke yake hakutoshi. Lazima uwachokoze polisi, thamani ya kichwa chako ipande, ndipo yule wa juu yako akubali kushindana nawe. Ukikamatwa, ulichovuna katika msako ule kinapotea chote. Ndiyo maana baada ya dakika ishirini za kukwepa vizuizi na misumari, ukijibanza mahali kusubiri ule mstari wa kupoa ujae, mikono inatoka jasho. Hizo ni kumbukumbu? Hiyo ni hesabu iliyopigwa sawasawa na watu wa EA Black Box kule Vancouver.

Mwaka 2012 Electronic Arts wakatoa nyingine kwa jina lile lile. Inapendeza machoni, na inakimbia. Ila magari unayakuta yameegeshwa mtaani, unapanda, unaondoka. Kitu usichokihangaikia utakipendaje? Ya 2015 ikadai intaneti muda wote (sisi wa vifurushi twende wapi?). Payback ya 2017 ikaleta kadi za kubahatisha ili uboreshe gari.

Black Box ilifungwa mwaka 2013. Gemu yao huikuti kwenye duka la mtandaoni la EA. Waliotengeneza marekebisho ili ijae kwenye vioo vipana vya siku hizi ni mashabiki, na wanayagawa bure. Halafu kijana anayetafuta nakala aitwe mwizi? Mwenye duka ndiye aliyekataa kuuza. Irudisheni sokoni, hata kwa bei ya gemu mpya, muone kama hatutanunua.