Nakivale si soko tu, kuna marafiki pia

Wafanyabiashara wengi tunaopita Mbarara tunaijua Nakivale kwa jambo moja: wateja. Tunapeleka sabuni, chumvi na mitumba, tunarudi na mahindi, maharage na samaki wa ziwani. Hesabu ikiisha tunapanda gari. Nasema tunaacha nyuma kitu chenye thamani kuliko mzigo, na ili kukipata inatosha kutoa asubuhi moja ya kujitolea katika kituo cha kupokelea wageni.

Makazi haya ya Wilaya ya Isingiro yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia kwao. Leo yana watu zaidi ya 200,000, wengi wao Wakongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Somalia mwaka 2024. Kwa hiyo wengi mno wa wanaolala Nakivale usiku wa leo ni raia wa nchi wanachama, kama mimi na wewe.

Hata hivyo Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010 na ambayo sisi tunaitaja kila tunapobanwa mpakani, inaliacha suala la wakimbizi kwa mikataba ya kimataifa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 ni pana zaidi: mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi, kufungua biashara na kutembea. Lakini hakuna sheria wala itifaki inayoweza kumpa mtu rafiki. Hilo ni la kwetu.

Baada ya Goma kuanguka Januari 2025, wengi waliovuka mpaka walipitia kituo cha Nyakabande, Kisoro, kabla ya kupelekwa kwenye makazi. Mtu akishuka kwenye basi anakuta foleni ya kuandikishwa, foleni ya chakula na foleni ya zahanati. Anayejua Kiswahili na Kinyarwanda anaweza kuwa msaada mkubwa hapo kuliko gunia la posho. Lugha tunayoitumia kupatana bei ndiyo anayoihitaji mama kumweleza daktari mtoto anaumwa wapi.

Mimi nilianza kwa kutafsiri kwenye foleni ya zahanati. Nilidhani nakwenda kusaidia maskini. Siku ya pili, mama mmoja wa Goma alinisikia nikitaja bei ya vitenge kwenye simu, akacheka. "Papa, hiyo bei umeitoa wapi?" Alikuwa ameuza vitenge kwa miaka kumi na mingapi, na duka lake limebaki huko na mali yote. Alinifundisha kukunja pembe ya kitambaa na kuisugua kwa kidole kilicholowa ili kujua rangi itakayotoka. Tulizungumza hadi foleni ikaisha. Tangu hapo simu zetu hazihusu biashara peke yake. Mwaka huo huo nililazwa Mbarara, na aliyefika kwanza na chupa ya uji alikuwa yeye, kwa nauli iliyotokana na vitumbua vyake. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sikutarajia kwamba mwenye dhiki ndiye angenifaa mimi.

Wapo watakaosema mfanyabiashara hana muda, na kwamba urafiki wa namna hii mwishowe ni wa kutafuta wateja. La muda ni kweli, lakini sote tunajua saa tunazopoteza tukisubiri lori lijae. La pili linahitaji uangalifu. Tangu 2023 Mpango wa Chakula Duniani umekuwa ukipunguza mgawo kwa kukosa fedha, na wengine wameondolewa kabisa kwenye orodha. Mtu mwenye njaa huuza turubai na sufuria aliyopewa jana, kwa bei ya kutupa. Ukienda kujitolea asubuhi kisha mchana ukanunua sufuria hiyo, hukwenda kujitolea. Siku ya kituo, acha mzigo na daftari la madeni nyumbani.

Utaratibu upo. Kituo si mahali pa kuingia ovyo: ombeni kibali kwa mkuu wa makazi, aliye chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na mfanye kazi mtakayopangiwa. Msipige picha za watu. Vyama vyetu vya wafanyabiashara Mbarara, na wenzetu wanaovuka Kikagati kwenda Murongo, vinaweza kupanga zamu ya Jumamosi moja kwa mwezi, watu watano watano. Hilo halihitaji mfadhili.

Tumezoea kudai mipaka ifunguliwe ili bidhaa zipite. Dai hilo ni halali. Lakini jirani usiyemfahamu ni rahisi kumwogopa, na siku siasa zikichafuka ni rahisi kumfukuza. Mwaka 1982 Wanyarwanda wengi walifukuzwa katika eneo hili hili la Ankole, wakiwamo waliokuwa wamekaa na majirani zao miaka mingi. Risiti za forodha hazitazuia jambo kama hilo lisirudi. Watakaolizuia ni watu wanaojuana kwa majina, waliowahi kusimama kwenye foleni moja.