Apigaye Simu Akubali Kupigiwa

Siku hizi wafanyabiashara wengi wamekuwa na desturi ya kuwapigia wateja wao simu, mmoja baada ya mwingine, kwa laini za kawaida za simu za mkononi. Jambo hili si geni tena mijini, na kwa watu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa lina faida kubwa kuliko kwa wa mjini. Lakini lina hatari yake pia, na twaona ni wajibu wetu kulisemea mapema.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Mwenye duka hutia orodha ya wateja wake katika programu iliyomo ndani ya simu. Programu hupiga nambari ya kwanza, mazungumzo yakiisha hupiga ya pili, na huandika nani amepokea na nani hakupokea. Wenye biashara kubwa hutumia chombo kinachobeba laini nyingi kwa pamoja. Gharama yake ni kifurushi cha dakika. Anayepigiwa hahitaji intaneti wala simu ya thamani, kitochi chamtosha.

Faida yake ni dhahiri. Mji wa Mbinga uko juu milimani. Mbamba Bay, Liuli na Lituhi ziko chini ufukoni. Lami imekwisha kuuunganisha mji wa Mbinga na Mbamba Bay, lakini nauli hailipwi kwa maneno. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, na huanikwa juani. Mvua ikinyesha kabla haujakauka, mali huharibika. Mama mchuuzi wa Liuli akipigiwa simu na mnunuzi wa Mbinga na kuambiwa bei ya leo, aweza kuamua kama apakie mzigo au angoje. Vivyo hivyo mkulima wa Umatengo, alimaye ngoro zake katika mteremko mkali, akiarifiwa kwamba mbolea imefika dukani, hatapoteza siku nzima na nauli ya bodaboda kwenda kuutazama mlango uliofungwa.

Hayo ndiyo mema ya simu. Sasa tutazame kinachoyaharibu.

Wananchi wamechoka kudanganywa. Nani katika nchi hii hajapata kupokea ujumbe wa kumtaka atume fedha kwa nambari asiyoijua? Serikali imefanya kazi. Mwaka 2019 ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole, na Mamlaka ya Mawasiliano imetoa nambari 15040 ya kuripoti matapeli. Hata hivyo udanganyifu haujakoma. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa mtandao bila leseni. Wananchi wengi walikuwa wamelalamika juu ya wakopeshaji wa namna hiyo, ambao hawakutosheka kumdai mkopaji, bali waliwapigia ndugu, majirani na wakubwa zake wa kazi ili wamwaibishe.

Matokeo yake ni kwamba mtu akiiona nambari ngeni huiacha simu ilie mpaka inyamaze. Hatuwezi kumlaumu. Lakini hasara humwangukia mfanyabiashara mwaminifu ambaye simu yake haipokelewi, na humrudia mkulima mwenyewe, kwa kuwa habari ya mbolea imempita pamoja na ya tapeli.

Wako wanaosema dawa ni kubadili laini: mteja asipopokea nambari hii, apigiwe kwa nyingine. Rai hii twaikataa kabisa. Huko ni kubisha hodi kwa sauti ya jirani. Mteja aliyekataa kupokea amekwisha kujibu, na atakapogundua kwamba amefikiwa kwa hila, hatamwamini tena mwenye duka huyo wala wenzake. Wako wengine wasemao biashara ya simu ipigwe marufuku. Nao hatukubaliani nao. Hatutupi jembe kwa sababu mwizi alilitumia kuchimbia ukuta.

Dawa tunayoiona ni hii: apigaye simu akubali kupigiwa. Mfanyabiashara achague laini moja iliyosajiliwa kwa jina la biashara yake, nambari yake aiandike ukutani mwa duka na katika kila stakabadhi, na hiyo ndiyo apigie siku zote. Muhimu zaidi, laini hiyo iwe na mtu wa kuipokea. Mama wa Lituhi akitumia salio lake kupiga kuuliza bei aliyotajiwa jana, kisha aambiwe nambari haipatikani, amefanywa mtu wa kusemeshwa tu asiye na haki ya kusema. Biashara ya namna hiyo si mazungumzo, ni amri.

Tena, nambari ya mtu ni amana. Mkulima aliyeandikisha simu yake katika chama cha msingi ili ajue malipo ya kahawa hakuitoa ili auziwe mikopo na bahati nasibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Kwa hiyo makatibu wa vyama, wenye maduka ya pembejeo na mawakala wa fedha wajue kwamba daftari la majina walilo nalo si bidhaa. Na mteja akisema, "Msinipigie tena," jina lake lifutwe siku hiyo hiyo.

Mwisho ni adabu. Kijana anayempigia mzee wa Litembo aanze na shikamoo, ajitaje jina na duka lake, aulize kama mzee ana nafasi, ndipo aseme shida yake. Asimpigie mvuvi alfajiri wakati anapotoa nyavu majini, wala asiwapigie watu wakiwa kanisani au msikitini. Haya hayagharimu hata senti moja.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Simu ni mgeni aingiaye nyumbani mwa mtu bila kuonekana uso. Akiwa na jina, na mahali anapojulikana, na habari ya kweli, atakaribishwa. Akija kwa kujificha, asishangae kukuta mlango umefungwa. Wafanyabiashara wa Mbinga na wa Nyasa bado wana nafasi ya kuchagua watakuwa mgeni wa namna gani. Twawasihi wachague sasa, kabla wananchi hawajaacha kupokea simu zote.